Panya Birikani Handeni: Pima Maji Kabla ya Kuyamwaga



Tumepokea swali kutoka kwa dada yetu mmoja wa Unguja, na kwa kuwa linagusa familia nyingi za visiwani zinazotoa sadaka upande wa bara, tumeona tulijibu kwa urefu kidogo. Familia yake ilichangia ujenzi wa birika la duara katika madrasa moja ya kijijini wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, kwa niya ya sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya marehemu mama yao. Birika hilo hukinga maji ya mvua yanayotoka kwenye bati la madrasa. Mwezi wa Februari, katikati ya kiangazi, ndani yake alionekana panya aliyekufa. Maji hayakuwa na harufu, wala rangi yake haikubadilika. Maalim wa madrasa, kwa kuchelea twahara ya wanafunzi wake, akaamuru maji yote yamwagwe na birika lisuguliwe. Mvua ikachelewa. Kwa wiki kadhaa watoto wakawa wanakwenda lamboni na madumu wakati ambao walipaswa kuwa darsani.

Dada anauliza mambo mawili. Je, ilikuwa lazima kuyamwaga maji yale? Na la pili: fundi aliwaambia kuwa birika lina lita 14,000, lakini watu wa pale wanasema kila wakihesabu ndoo hawaifikii hesabu hiyo. Je, wamedhulumiwa?

Kabla ya kufika kwenye hukumu, yapo mambo ya Handeni ambayo sisi wa visiwani tunaweza kuyasahau. Wilaya hii ni ya Wazigua, nchi ya mahindi na mifugo, na shida yake ya siku zote ni maji. Mto mkubwa haupo. Mto Pangani, unaobeba maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe, mwendo wa kilomita zipatazo 65 kutoka Handeni mjini kwa barabara, kisha unashuka hadi baharini kwenye mji wa Pangani, ng'ambo ya bahari kutoka kwetu Unguja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 Handeni imetegemea bomba kuu linalovuta maji ya mto huo kutoka upande wa Korogwe, mradi ambao wenyeji wanaujua kwa herufi tatu, HTM. Bomba hilo lilichakaa, na kulijenga upya kumeingizwa katika ule mradi wa maji wa miji 28 unaotumia mkopo wa India, ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2022. Mji wa Korogwe una mto mlangoni, lakini kijiji kilicho mbali na bomba huko Handeni kina lambo, visima vifupi, na kile kitakachodondoka kutoka kwenye bati. Mvua zenyewe ni masika na vuli. Kati ya hizo mbili mtu anaishi kwa alichokiweka.

Kwa hiyo maji yaliyomwagwa siku ile hayakuwa kitu kidogo. Yalikuwa kiasi gani hasa? Hapo ndipo jibu la maswali yote mawili linapoanzia, kwa sababu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hukumu ya maji yaliyoingiwa na najisi inategemea wingi wake, na wingi haujulikani kwa kutazama.

Tulimwomba dada awapigie simu watu wa madrasa watuletee vipimo. Walileta vinne: mzingo wa birika kwa nje, yaani kamba iliyozungushwa ukutani mara moja, ni mita 9.42, unene wa ukuta pamoja na plasta ni sentimita 15, kina cha ndani kutoka sakafuni hadi ukingoni ni mita 2, na siku ya panya maji yalikuwa kwenye alama ya sentimita 60. Vipimo hivi vinatosha. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu iliyobaki, na tunapendelea afanywe aifanye, kwani mcheduara wanaousoma skuli ndio huu huu, kama mkebe uliosimama.

Duara lolote, kubwa au dogo, mzingo wake ni kipenyo chake mara 3 na kitu kidogo. Kitu hicho skuli hukiita pai na hukiandika 3.14 au 22 juu ya 7. Basi tukiugawa mzingo wa mita 9.42 kwa 3.14 tunapata kipenyo cha mita 3 kamili. Lakini hiki ni kipenyo cha nje. Maji hayakai ndani ya tofali. Tunatoa unene wa ukuta pande zote mbili, sentimita 15 huku na 15 kule, kinabaki kipenyo cha ndani cha mita 2.70. Nusu yake ni mita 1.35.

Sasa tunatafuta eneo la sakafu: nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara pai. Yaani 1.35 mara 1.35 ni 1.8225, mara 3.14 inakuwa mita za mraba 5.72. Kisha eneo hilo tunalizidisha kwa kina cha maji tupate mita za ujazo, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa birika hili basi kila sentimita moja ya kina ni lita 57 na kidogo. Namba hii moja tunawashauri watu wa madrasa waiandike ukutani kwa rangi karibu na mfuniko. Wakichovya ufito na kupima palipolowa, watajua walicho nacho bila ya kalamu.

Maji yaliyokuwa kwenye sentimita 60 yalikuwa lita 3,432. Kwa ndoo za lita 20 ni zaidi ya ndoo 171. Ili paa la mita 10 kwa 8 lirudishe maji hayo, inahitajika mvua ya karibu milimita 43, tena bila ya tone kupotea kwenye mifereji. Hayo ndiyo yaliyomwagwa chini.

Tuje kwenye fiqhi. Wengi wetu tulisoma chuoni katika Safina kuwa maji ni mafungu mawili, machache na mengi, na mpaka baina yao ni qullatayn, yaani qulla mbili, mitungi miwili mikubwa. Msingi wake ni hadithi ya Ibn Umar (R.A.) waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, inayoeleza kuwa maji yakifikia kiasi hicho hayabebi uchafu. Maji yaliyo chini ya qullatayn hunajisika kwa kuingiwa tu na najisi, hata kama hayakubadilika. Yaliyofikia qullatayn au kuzidi hayanajisiki mpaka ibadilike moja ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Panya ana damu inayotiririka, kwa hiyo mzoga wake ni najisi, tofauti na nzi au sisimizi ambao wanavyuoni wamewasamehe.

Qullatayn ni kiasi gani? Wanavyuoni wetu walikitaja kwa ratli, ratli 500 za Baghdad, lakini walijua kuwa mtu aliyesimama juu ya kisima hana mizani. Kwa hiyo wakatoa na kipimo cha mkono. Birika la pembe nne: dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Kisima cha duara: kipenyo dhiraa moja, kina dhiraa mbili na nusu. Al-Khatib al-Shirbini, katika sherehe yake ya Minhaj ya Imamu Nawawi, hakuishia kutaja tu, aliionyesha hesabu. Aligeuza kila dhiraa kuwa robo nne ili aepuke visehemu. Birika la pembe nne likawa 5 mara 5 mara 5, yaani 125. La duara, kipenyo kikawa 4, mzingo wake 12 na sehemu nne za saba. Nusu ya kipenyo akaizidisha kwa nusu ya mzingo, kisha kwa kina cha 10, akapata 125 na sehemu tano za saba. Maumbo mawili tofauti, maji karibu sawa sawa. Ni hesabu ile ile tuliyoifanya juu, na pai yake ni 22 juu ya 7. Kabla yake, mwaka 1424, Jamshid al-Kashi wa Samarkand alikwisha kuihesabu pai hadi tarakimu 16 baada ya nukta, ila kwa kisima cha kijiji sehemu moja ya saba inatosha.

Msomaji anaweza kulijaribu hili kwa mkono wake. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na tuichukulie sentimita 48. Dhiraa na robo ni sentimita 60. Chombo cha sentimita 60 kila upande kinachukua lita 216. Kisima cha kipenyo cha sentimita 48 na kina cha sentimita 120 kinachukua lita 217. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana katika kuligeuza kuwa lita: wapo waliosema kiasi cha 190, wapo waliosema 216, na wapo waliofika 270. Khitilafu hii inatokana na urefu wa dhiraa na uzito wa ratli. Asili ya hukumu ni moja. Anayetaka kuchukua hadhari na ashike 270.

Na hata kwa 270, rudi kwenye birika la Handeni. Kila sentimita ni lita 57. Sentimita tano tu za maji sakafuni ni lita 286. Birika hilo lingekuwa limekauka kiasi cha mtu kuingia na kulowa nyayo tu, bado maji yake yangekuwa yamevuka qullatayn. Siku ya panya yalikuwa sentimita 60, zaidi ya mara kumi na mbili ya mpaka huo. Hayakubadilika rangi wala harufu. Ladha hatukuelezwa, lakini maji yanahesabiwa katika asili yake mpaka mabadiliko yathibitike.

Jibu la swali la kwanza, kwa hiyo, ni kuwa maji yale yalikuwa twahara, na haikuwa wajibu kuyamwaga. Ilitosha kumtoa panya na kumzika mbali. Hatumlaumu maalim. Alichofanya alikifanya kwa kuogopa swala za watoto zisiharibike, na mtu kama huyo ni bora kuliko asiyejali. Lakini tunamwomba yeye na wenzake wakumbuke kuwa hadhari nayo ina gharama yake, na pale Handeni gharama hiyo walibeba watoto vichwani. Imamu Ghazali, pamoja na kuwa Mshafii, aliandika katika Ihya kuwa alitamani madhehebu ya Shafii katika maji yangekuwa kama ya Imamu Malik, ambaye kwa kauli yake mashuhuri maji hayanajisiki ila yakibadilika, yawe machache au mengi. Alisema hivyo kwa kuona uzito unaowapata watu. Sisi tunabaki na qullatayn tuliyolelewa nayo, na bado, kama inavyoonekana, ina wasaa mkubwa kuliko tunavyodhani.

Na lau maji yangekuwa yamebadilika? Hapo yangekuwa najisi hata yangekuwa lita 100,000. Lakini hata hapo kumwaga si njia pekee. Mabadiliko yakiondoka yenyewe kwa kukaa, au kwa kuongezwa maji mengine, maji mengi hurudi kuwa twahara. Yasifunikwe tu kwa kitu chenye harufu nzuri, kwani hapo uchafu umefichwa, haujaondoka. Na maji machache yaliyoingiwa na najisi, kwa mfano pipa lenye lita 150 kibarazani, yakiongezwa mengine mpaka yafike qullatayn bila ya kuwa na mabadiliko, yanatwaharika pia. Mara nyingi jawabu ni kuongeza. Ndoo ya jikoni yenye lita 20 ni jambo jingine. Hiyo imwagie mipapai.

Hapa pana jambo ambalo tungependa kina mama walisome mara mbili. Twahara si afya. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na kuosha nguo na yasifae kunyweka. Panya hubeba maradhi, na jicho halioni vidudu. Maji ya birika aliloangukia panya yasinywewe wala kutumiwa kusukutulia mpaka yachemshwe yatokote au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na kipimo hicho, bila shaka, huandikwa kwa lita. Asiyejua birika lake lina lita ngapi atatia kidogo kisifanye kazi, au atatia nyingi watoto walalamike koo. Wenzetu wanaofanya kazi katika hoteli za Nungwi na Paje wanaijua hesabu hii vizuri, maana dimbwi la kuogelea la duara hutiwa dawa kwa ujazo wake: nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara pai mara kina. Pale sakafu ikiwa na mteremko, hupimwa kina cha upande mfupi na cha upande mrefu, vikajumlishwa na kugawanywa kwa mbili.

Tubaki na swali la pili, la lita 14,000. Tulijaribu kuitafuta namba hiyo imetoka wapi, na haikuwa vigumu. Ukichukua kipenyo cha nje cha mita 3, ukasahau ukuta, na ukazidisha kwa kina cha mita 2, unapata lita 14,130. Fundi alipima kwa nje. Kwa ndani, birika likijaa hadi ukingoni, ni lita 11,440. Ukuta wa sentimita 15 umekula lita 2,690, karibu ndoo 135. Wengi huona ajabu kuwa ukuta mwembamba unaondoa kiasi hicho, lakini katika duara kipenyo hujizidisha chenyewe, na upungufu wake nao huongezeka hivyo hivyo.

Hata hizo 11,440 hazipatikani zote. Tuliuliza bomba la kupunguzia maji yakizidi liko wapi, tukaambiwa sentimita 20 chini ya ukingo. Na bomba la kutolea limeinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni ili tope lisitoke. Vyote viwili ni ujenzi mzuri, hatuna la kulaumu. Lakini kina chenye manufaa kinabaki sentimita 165, na maji yanayoweza kutoka bombani ni lita 9,438. Wanakijiji waliohesabu ndoo walikuwa wakweli.

Je, ni dhulma? Tunarudi kwenye makubaliano. Ikiwa familia na fundi walipatana juu ya birika la kipenyo cha mita 3 kwa nje na kina cha mita 2, naye akalijenga hilo, basi ametimiza, na maneno ya lita 14,000 ni kosa la hesabu ambalo anapaswa kulisahihisha na kuomba radhi. Ikiwa walipatana juu ya lita 14,000 za maji na bei ikakatwa kwa ajili hiyo, basi anadaiwa upungufu, amalize kwa kuongeza au kwa kurudisha sehemu ya fedha, au wasameheane. Ikiwa alijua na akanyamaza, hilo liko chini ya makaripio ya Suratul Mutaffifin, na aogope. Hatujaona karatasi ya makubaliano, kwa hiyo hatuhukumu. Dada ametuambia kwamba walipatana kwa simu tu. Hilo ndilo tatizo tunalokutana nalo mara kwa mara katika sadaka zinazovuka bahari: fedha zinakwenda kwa simu, picha inarudi kwa simu, na hakuna aliyeandika kitu.

Anayekusudia kujenga birika jingine, Handeni au Korogwe au kokote, na aandike kwenye makubaliano kipenyo cha ndani, kina kutoka bomba la kutolea hadi bomba la kupunguzia, na lita zinazopatikana kati yao. Likimalizika, mtu aingie kabla halijatiwa maji, azungushe kamba ukutani kwa ndani. Hesabu ya haraka ni hii: mzingo wa ndani kwa mita, mara wenyewe, mara kina, mara 80, unapata lita kwa makadirio. Kwa birika letu mzingo wa ndani ni mita 8.48, na jibu linakuja kama 11,500, tofauti ndogo na hesabu kamili. Matangi meusi ya plastiki yana ujazo ulioandikwa ubavuni, lakini nayo bomba lake la kutolea huacha maji chini, basi pale pia apime.

Na panya? Mfuniko wa birika lile, kwa mujibu wa watu wa madrasa, ni ubao uliopinda. Tumemshauri dada kuwa kabla ya kufikiria kumdai fundi, familia ipeleke fedha ya mfuniko wa zege na wavu wa chuma kwenye mdomo wa mfereji. Amejibu kuwa watafanya hivyo kabla ya masika, inshaallah.

Na Allah (S.W.) ndiye Mjuzi zaidi.